Kupima kuchelewa kati ya kipanya na skrini: mwongozo kamili kwa mwenye simu tu

Katoni ya monita ikiandikwa "1 ms", wauzaji wetu wa Lubumbashi wanaisoma kwa sauti kubwa. "Yaya, hii iko ya gemu, milisekunde moja tu!" Hasemi uongo, ila namba hiyo haijibu swali ulilonalo. Inaeleza muda ambao nukta moja ya kioo inachukua kugeuka kutoka kijivu kimoja kwenda kijivu kingine. Muda unaopita tangu kidole chako kibonyeze kipanya hadi mwanga ubadilike mbele ya macho yako ni habari nyingine. Unaweza kufika milisekunde 60, 80, au kupita 100 kwenye televisheni, hata kama katoni ilijisifia moja.

Namba hiyo hakuna anayekuandikia, kwa sababu haitokani na kifaa kimoja. Inabidi uipime mwenyewe, kwenye mashine yako. Habari njema ni kwamba simu yenye kamera ya mwendo wa polepole inatosha. Vingine ni vitu vya kuokoteza: betri ya saa, taa ndogo ya LED, waya vipande viwili.

Muda unapotelea wapi

Ukijua njia nzima, hutalaumu kifaa kisichohusika. Kidole kinasukuma swichi ndani ya kipanya. Bati la swichi linadundadunda kidogo linapogusana, kwa hiyo chipu ya kipanya inaweza kusubiri milisekunde kadhaa kabla ya kukubali kwamba kweli umebofya. Kisha kompyuta inakuja kuuliza: kipanya cha kawaida cha USB huulizwa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8, na kipanya cha gemu mara 1000, kila milisekunde 1. Mfumo unapokea, programu inasoma, inachora picha mpya, kadi ya picha inaiweka kwenye foleni, picha inasafiri kwenye waya mstari kwa mstari, monita inaichakata, na mwishowe nukta zinabadilika.

Sehemu kubwa ya muda hupotea kwenye foleni ya picha na ndani ya monita, na kipanya mara nyingi kina mchango mdogo. Ukihama kutoka 125 kwenda 1000, wastani wa kusubiri unashuka kutoka milisekunde 4 hadi nusu milisekunde. Umeokoa tatu na nusu. Wakati huohuo televisheni iliyoachwa kwenye mpangilio wa sinema inaweza kushikilia picha kadhaa ili kulainisha mwendo, na kwa 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 16.7. Ndiyo maana nasema: usinunue kipanya kipya kabla ya kupima.

Utakachohitaji

Simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, fremu ikiwa ni picha moja ya video. Kila fremu ni milisekunde 4.17. Simu nyingi za bei nafuu zinaishia 120, yaani milisekunde 8.33 kwa fremu. Nazo zinafaa kwa kulinganisha vitu vyenye tofauti kubwa, kama televisheni na monita. Tahadhari na simu zinazotangaza 960: baadhi hazirekodi fremu hizo, zinabuni za katikati kwa hesabu, na fremu ya kubuni haiwezi kukuambia kitu kilitokea lini.

Kitu cha kuonyesha kubofya kulitokea lini, nitakifafanua chini.

Programu ya kusogeza video fremu moja moja. Mpv ni nzuri kwa sababu alama ya nukta inasogeza mbele fremu moja na mkato unarudisha nyuma. VLC nayo inasogeza kwa herufi E, lakini hairudi nyuma kwa fremu, na utahitaji kurudi.

Na ukurasa wa kujipimia. Fungua programu yoyote ya kuandikia maandishi tupu, andika mistari hii, hifadhi kwa jina pima.html, kisha ifungue kwa kivinjari. Haihitaji intaneti, kwa hiyo hutakula megabaiti.

<!doctype html>
<body style="margin:0;background:#000">
<div id="k" style="width:60px;height:60px"></div>
<script>
let n = 0;
onmousedown = () => document.body.style.background = "#fff";
onmouseup = () => document.body.style.background = "#000";
(function piga() {
  k.style.background = n++ % 2 ? "#f00" : "#00f";
  requestAnimationFrame(piga);
})();
</script>

Ukibonyeza, kioo kizima kinakuwa cheupe. Ukiachia, kinarudi cheusi. Angalia kwamba nimetumia "mousedown". Kurasa nyingi za majaribio zinatumia "click", na tukio hilo halitokei unapobonyeza, linatokea unapoachia. Hapo unakuwa unapima kasi ya kidole chako kunyanyuka. Kisanduku kidogo kwenye kona kinabadilika nyekundu na bluu kila skrini inapochora upya. Kazi yake tutaiona sasa hivi. Kinamemeta haraka, basi mwenye kifafa asikitazame.

Hatua ya kwanza: hakikisha simu haikudanganyi

Elekeza simu kwenye kisanduku cha kona, rekodi sekunde mbili tatu kwa mwendo wa polepole, hamisha video kwenye kompyuta, ifungue na usogeze fremu moja moja. Kama skrini ni ya 60 Hz na simu ni ya 240 kweli, kila rangi itakaa fremu nne kabla ya kubadilika. Kwa simu ya 120, fremu mbili. Ukiona tano, mara tatu, mara sita, au ukiona fremu zenye rangi iliyochanganyika kama kivuli katika kisanduku kizima, simu inabuni. Shuka kwenye kasi ya chini zaidi ujaribu tena.

Video ihamishwe kwa waya. Ukiituma kwa WhatsApp, itabanwa upya na fremu zitatupwa, hata kama kwa macho inaonekana sawa. Pia usisome saa ya kichezeo: simu nyingi huhifadhi video ikiwa tayari imepunguzwa mwendo, na sekunde unayoiona hapo si sekunde ya kweli. Tunahesabu fremu tu.

Hatua ya pili: ifanye kamera ione kubofya

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanarekodi kidole na skrini pamoja, halafu wanakisia ni fremu ipi kidole "kilibonyeza". Kitufe cha kipanya kinashuka chini ya milimeta moja. Kwenye video huoni kitu, na makisio yanaweza kupotea fremu tatu nne. Kuna wanaotumia taa ya Caps Lock ya kibodi kama ishara. Hiyo haifai kabisa, kwa sababu taa ile inawashwa na kompyuta baada ya kupokea ishara, kwa hiyo nayo imechelewa.

Njia isiyohitaji kufungua kitu: kata kipande cha karatasi ya alumini, kibandike juu ya kitufe cha kushoto. Funga kipande kingine kwenye ncha ya kidole. Chukua betri ya saa ya volti 3 aina ya CR2032, taa nyekundu ya LED na rezista ya omu 220. Upande wa chanya wa betri unaenda kwenye rezista, kisha mguu mrefu wa LED, mguu mfupi unaenda kwenye alumini ya kitufe. Upande wa hasi unaenda kwenye alumini ya kidole. Kidole kikigusa kitufe, taa inawaka. Njia hii inahesabu tangu kugusa, si tangu swichi kufunga, hivyo inaongeza milisekunde chache. Piga kwa nguvu na haraka, kila mara vilevile, na nyongeza hiyo itabaki karibu sawa katika vipimo vyako vyote.

Njia bora zaidi ni ya kufungua kipanya. Tumia cha zamani, skrubu zake mara nyingi zimefichwa chini ya vibandiko vya miguu. Swichi nyingi zina miguu mitatu: wa pamoja, unaounganika ukibonyeza, na unaounganika ukiwa hujabonyeza. Huo wa mwisho mara nyingi hautumiki. Chomoa kipanya kwenye kompyuta, weka multimeta kwenye mlio, tafuta miguu miwili inayolia bila kubonyeza na kunyamaza ukibonyeza. Kisha kagua chini ya bodi kwamba mguu usiotumika kweli hauna njia ya shaba inayokwenda kwenye chipu. Vipanya vingine vya bei kubwa vinautumia. Kama hauna, chomelea waya kwenye mguu huo na mwingine kwenye mguu wa pamoja, uzipitishe kwenye saketi ileile ya betri, rezista na LED. Sasa taa inawaka muda wote na inazima ukibonyeza. Kwa kuwa betri ni ya pembeni na inagusa saketi ya kipanya mahali pamoja tu, hakuna mkondo unaoingia kwenye kipanya.

Taa inazima kabla kidogo ya swichi kufunga upande wa pili. Ukibonyeza haraka pengo hilo ni dogo sana. Ukibonyeza polepole kama anayeogopa, linakua.

Hatua ya tatu: kupanga na kurekodi

Bandika LED kwenye ukingo wa monita, ubavuni, katikati ya urefu wa kioo. Simu ilale kwa upana, na LED iwe kwenye usawa uleule na sehemu ya kioo utakayoitazama. Kuna sababu mbili. Kamera ya simu haisomi picha nzima kwa mpigo, inasoma mstari baada ya mstari, kwa hiyo vitu viwili vya usawa tofauti vinasomwa kwa nyakati tofauti. Na monita nayo huchora kutoka juu kwenda chini: kwa 60 Hz, chini kabisa kunachelewa karibu milisekunde 16 kuliko juu. Mtu akikupa namba bila kusema alitazama sehemu gani ya kioo, namba hiyo haijakamilika. Mimi natumia katikati.

Simu iwe imara, hata ikiegemea chupa. Gusa skrini ya simu kwa muda mrefu ili ufunge mwanga wa kamera, maana bila hivyo itajirekebisha kila kioo kinapokuwa cheupe. Monita iwe kwenye mwangaza wa juu kabisa. Zikipunguzwa mwangaza, nyingine hupepesa taa zao za nyuma na fremu zako zitajaa giza na nuru visivyohusika. Kuhusu chumba, tumia mwanga wa mchana. Umeme wetu ni wa 50 Hz na balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera ya 240 inaona vizuri.

Kompyuta ya mapajani iwe kwenye chaji. Ikiwa kwenye betri, kichakataji kinapunguza kasi na baadhi ya mashine hushusha hata Hz za skrini. Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ikiingia katikati ya kupima, simama. Usichanganye mibofyo ya kabla na ya baada ya umeme kukatika katika hesabu moja. Funga pia vinavyopakua chinichini.

Sasa rekodi, bofya mara 20 au zaidi. Usibofye kwa mdundo. Ukibofya kila baada ya muda sawa, unaweza kuangukia sehemu ileile ya mzunguko wa skrini kila mara, ukapata namba nzuri mno au mbaya mno. Bofya ovyo ovyo, haraka, taratibu, subiri, bofya tena.

Hatua ya nne: kuhesabu

Fungua video. Tafuta fremu ya kwanza ambamo LED imebadilika. Hiyo ni sifuri. Sogeza fremu moja moja hadi ile ya kwanza ambamo katikati ya kioo kumeanza kung'aa. Andika idadi. Usisubiri kioo kiwe cheupe kabisa, wala usibadilishe kigezo katikati ya kazi. Vioo vya VA, aina moja ya vioo vya LCD, hupanda taratibu kutoka nyeusi, na ukichanganya vigezo utakuwa unalinganisha visivyolingana.

Zidisha idadi kwa 4.17. Tuseme, kwa mfano, mibofyo yako imetoa kati ya fremu 11 na 17, na ya katikati ukizipanga ni 14. Hizo ni kati ya milisekunde 46 na 71, katikati 58. Andika zote tatu: ndogo, ya katikati, kubwa. Wastani peke yake unaficha mengi.

Mtawanyiko nao unaongea. Kwa skrini ya 60 Hz, kubofya kunaweza kuangukia popote ndani ya milisekunde 16.7, kwa hiyo kutofautiana kwa fremu nne za video ni kawaida kabisa, na makosa ya kuhesabu yanaongeza moja au mbili. Ukiona 9, 12, 10, halafu ghafla 25, kuna kitu kinaingilia: programu ya chinichini, kipanya kisichotumia waya ambacho kipokezi chake kiko nyuma ya kasha la chuma, au Bluetooth. Kabla ya kulaumu monita, rudia kwa kipanya cha waya.

Kosa la kipimo kimoja ni karibu fremu moja, milisekunde 4. Kwa hiyo simu haiwezi kukuonyesha, kwa kubofya mara moja, faida ya kipanya cha 1000. Kwa mibofyo mingi wastani unaanza kuionyesha, lakini ukiniuliza, tofauti unayohitaji mibofyo mia kuiona si ya kukufanya ukose usingizi.

Hatua ya tano: badilisha kimoja, pima upya

Anza na chenye faida kubwa.

Kama unatumia televisheni, na kumbi nyingi za michezo mjini zinatumia, ingia kwenye menyu utafute Mode Jeu (hali ya gemu), au ubadilishe jina la mlango wa HDMI kuwa PC. Pima kabla na baada. Sijaona badiliko lingine la bure lenye uzito kama hili.

Ndani ya gemu, zima V-Sync na upime. Inapowashwa, picha husubiri kwenye foleni hadi skrini iwe tayari, na foleni hiyo inaweza kubeba fremu mbili au tatu za 16.7. Ukiizima picha itakatika katikati wakati mwingine. Wasioipenda hali hiyo waache V-Sync ikiwa imewashwa, ila wapunguze idadi ya fremu za gemu iwe chini kidogo ya Hz za skrini, foleni haitajaa.

Kisha Hz zenyewe. Monita nyingi za 144 zilizonunuliwa mjini bado zinaendeshwa kwa 60 kwa sababu hakuna aliyefungua mipangilio ya Windows. Kwa 144 picha moja ni milisekunde 6.9, na kila foleni katika njia nzima inafupika kwa uwiano huo. Kisanduku chetu cha kona kitakuumbua: kwa simu ya 240, rangi isikae tena fremu nne.

Mwisho kabisa, kipanya.

Kwa anayetaka usahihi zaidi

Bodi ya Arduino Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4, zinaweza kujifanya kipanya kwenye USB. Unaunganisha transista ya mwanga na rezista ya kiloomu 10 kwenye mguu A0, unaibandika kwenye kioo, bodi inabofya yenyewe, inaanza saa kwa micros(), na inasimamisha mwanga ukipanda. Kusoma A0 mara moja huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo unaiacha simu mbali sana. Usitumie LDR, ile rezista ya mwanga ya bei rahisi. Inachelewa yenyewe kwa makumi ya milisekunde. Kati ya mibofyo weka muda wa nasibu. Na kumbuka kwamba hapa kipanya chako hakimo kwenye hesabu, bodi imechukua nafasi yake. Ni kipimo kizuri cha monita na mipangilio, si cha kipanya.

Kupima monita ya okazio kabla ya kulipa

Monita nyingi tunazonunua ni za okazio, yaani zilizokwisha kutumika, na ukishaondoka dukani, iwe mjini au kwenye komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kurudisha ni maneno marefu. Nenda na kompyuta yako ya mapajani, waya wa HDMI na simu. Mwombe kwa heshima: "Papa, naomba niiwashe dakika kumi." Unganisha, weka skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja, fungua pima.html, weka vioo viwili ubavu kwa ubavu, na urekodi ukibofya. Hapa huhitaji LED. Hesabu fremu kati ya kioo cha mashine yako kung'aa na kioo cha muuzaji kung'aa, palepale kwenye simu kama programu yake inasogeza fremu moja moja.

Usipime kwa saa ya kuhesabu sekunde iliyo kwenye kivinjari, hata ikionyesha tarakimu tatu za milisekunde. Inabadilika tu kila skrini inapochora upya, tarakimu za mwisho ni mapambo.

Chomoa waya na uuchomeke tena mara kadhaa, kila mara urekodi. Milango miwili ya kadi ya picha haianzi kuchora kwa wakati mmoja, na peke yake inaweza kuleta tofauti ya hadi milisekunde 16.7. Kwa hiyo kwa skrini za 60 Hz, tofauti ya chini ya fremu nne za video iache. Ikibaki nane, kumi na zaidi kila unapochomeka, ingia kwanza kwenye menyu ya monita uzime vya kuboresha picha, upime tena. Ikikataa kushuka, hiyo ni monita ya kuandikia barua na kutazama mpira: jadili bei ya monita ya ofisi, au pita duka la pili.